Kampuni za simu zimekalia msimbo wa kerneli, lawama wanabebeshwa wanaojitolea

Wakuu, haya mambo yamenifika shingoni.

Simu yangu haina ubovu wowote. Kioo kizima, chaji inakaa kutwa, RAM GB 4. Ila kampuni iliacha kutoa masasisho mapema mno, na sasa hata programu ya benki inagoma kufunguka eti Android ni ya zamani. Nikaweka romu huria, yaani mfumo wa simu uliotengenezwa na watu wengine badala ya kampuni. Kuwaka inawaka, Wi-Fi inashika. Lakini mtu akipiga, unapokea, unamsikia "halo, halo, mbona huongei?" mpaka anakata, kwa sababu mfumo hauioni maiki. Ukifungua kamera, giza tupu.

Nikiuliza humu naambiwa watengeneza romu hawajui kazi. Acheni hizo! Jamaa wa postmarketOS, mfumo huria wa Linux kwa ajili ya simu, wapo kazini tangu 2017, wengi wao wanajitolea, na lengo lao ni simu ifikishe miaka 10. Kinachowakwamisha ni taarifa. Kompyuta ikiwaka, inaueleza mfumo yenyewe ina vifaa gani. Simu haifanyi hivyo. Lazima kila kitu kiwe kimeandikwa kabla kwenye faili: kioo cha aina gani, kamera ipi, imeungwa pini ipi, inataka volti ngapi. Na simu mbili za jina moja zinaweza kuwa na vioo vya viwanda tofauti! Mwenye majibu ni mtengenezaji. Akinyamaza, watu wanakesha wakibahatisha.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hili si suala la hisani. Kerneli ya Android, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya simu, ni Linux, na Linux ipo chini ya leseni ya programu huria iitwayo GPL, toleo la 2. Ukiisambaza, unatoa na msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe), au unaahidi kwa maandishi kumpa yeyote atakayeuomba, na ahadi hiyo idumu si chini ya miaka 3. Nikawaandikia kampuni kuomba msimbo. Wakanijibu nipeleke simu kwa wakala ikakaguliwe. Hiyo ni dharau.

Na msiniambie ninunue PinePhone, ile simu iliyotengenezwa kwa ajili ya Linux. Walioibuni wamefanya kazi ya maana, walichukua chipu ya Allwinner A64 kwa kuwa Linux ilikuwa tayari inaielewa, lakini hata humo modemu, yaani sehemu inayoshika mtandao wa simu, bado inaendeshwa na programu iliyofungwa, isiyotolewa msimbo. Tena hali inazidi kuwa mbaya: 2025 Google walipotoa Android 16, waliacha kutoa yale mafaili ya vifaa vya Pixel, simu zao wenyewe ambazo watengeneza romu walizitegemea miaka yote.

Mwenye simu yenye chipu ya MediaTek au Unisoc aliyewahi kuomba msimbo wa kerneli, aweke hapa modeli yake na alichojibiwa. Tukipatikana wenye modeli moja, tuandike barua moja, tunukuu kifungu cha 3 cha leseni, tuitume kwa kampuni na kwa aliyewauzia chipu. Wa "nunua simu mpya" apite kushoto.