Kuloweka matunda katika pombe kali nyumbani: matunda kiasi gani, kwa muda gani, na sukari iingie lini?

Tunda_Bivu ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninakusudia kutengeneza nyumbani pombe kali yenye ladha ya matunda kwa kuloweka tu matunda katika vodka, bila kuchachusha wala kukeneka chochote. Nimesoma maelekezo mengi, na kadiri ninavyosoma ndivyo yanavyozidi kupingana. Mmoja anataka mtungi ujazwe matunda hadi shingoni ndipo pombe imiminwe kuziba nafasi zilizobaki, ilhali mwingine anasema matunda yasizidi theluthi moja. Kuna anayetia sukari siku ya kwanza pamoja na matunda, na kuna anayeikataza mpaka baada ya kuchuja. Kuhusu muda, nimekuta kuanzia siku tatu hadi miezi mitatu kwa tunda lile lile.

Nataka kuanza na nanasi, kisha maganda ya chungwa, na baadaye plamu nzima pamoja na kokwa zake. Naomba anayejua sababu za mambo haya, si vipimo peke yake, anifafanulie, kwa kuwa nikizielewa sababu nitaweza kuamua mwenyewe kila nitakapobadilisha tunda.

Mchujaji amejibu:

Ndugu Tunda_Bivu, umefanya vyema kuuliza sababu, maana karibu maelekezo yote hayo yanayopingana yanaweza kupimwa kwa swali moja: kazi ikiisha, nguvu ya kilevi iliyobaki ndani ya chupa itakuwa kiasi gani? Watu husahau kwamba tunda bichi ni maji kwa sehemu kubwa. Nanasi lina maji yanayokaribia asilimia 86 ya uzito wake, na stroberi zina zaidi ya asilimia 90. Tunda likikaa katika pombe, kilevi huingia katika nyama ya tunda na maji ya tunda hutoka nje, na hali hiyo huendelea mpaka ndani na nje vinakaribia kulingana.

Tuuchukue huo mtungi uliojazwa hadi shingoni, tuseme una gramu 500 za nanasi na mililita 500 za vodka ya asilimia 40. Vodka imeleta mililita 200 za kilevi halisi, nanasi limeleta takriban mililita 430 za maji, kwa hiyo kilevi kile kile sasa kimeenea katika mililita 930, na nguvu yake imeshuka hadi asilimia 21 au 22. Ukiongeza mililita 200 za shira, unateremka chini ya asilimia 18. Kinywaji cha namna hiyo hakifai kuachwa kabatini, kwa sababu matunda huja na hamira zake za asili, na zipo hamira zinazostahimili kilevi cha asilimia 15 na zaidi. Zikipata sukari, zinaendelea na kazi yake na chupa iliyozibwa vizuri inajaa gesi. Sheria ya kodi ya vileo ya Japani inamruhusu mtu kuloweka matunda nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe iwapo tu kileo anachoanzia hakipungui asilimia 20, na zabibu zimekatazwa kabisa, lengo likiwa ni kuzuia uchachukaji mpya.

Kwa hiyo mimi hutumia gramu 300 za tunda kwa mililita 750 za vodka ya asilimia 40. Hesabu ile ile inakupa karibu asilimia 30 baada ya kuloweka, na hata ukitia mililita 150 za shira unabaki na takriban 26, ambayo inakaa bila wasiwasi. Anayetaka ladha nzito zaidi asiongeze matunda katika mtungi mmoja mpaka pombe ikafa. Ni afadhali aanze na kileo chenye nguvu zaidi, au achuje matunda ya kwanza na kutia mengine mapya machache huku akipiga hesabu upya.

Jambo la pili ni vipande vinavyoelea. Kilichozama kimehifadhiwa, kilichochungulia juu kinakutana na hewa, kinageuka rangi ya kahawia na kinaweza kuota ukungu. Chagua mtungi wa kioo unaojaa karibu na mfuniko, uugeuze taratibu kila siku, na ukiona ukungu usijaribu kuukwangua na kuendelea, bali mwaga chote.

Bi_Karafuu amejibu:

Nakubaliana na Mchujaji kuhusu hesabu, nami naomba niseme juu ya muda, kwa sababu hapo ndipo kalenda inapowapotosha wengi. Muda hutegemea kile unachokitafuta katika tunda. Rangi, asidi na harufu za tunda laini hutoka upesi: stroberi hutosheka kwa siku nne hadi saba, nanasi lililokatwa vipande vidogo kwa wiki moja hivi, ilhali matunda makavu kama zabibu kavu huhitaji wiki tatu au nne kwa kuwa lazima kwanza yanyonye pombe na kulainika. Viungo ni suala jingine kabisa. Karafuu na mdalasini vikizidisha siku chache humeza kila ladha nyingine, na pilipili inaweza kumaliza kazi yake kwa saa chache.

Kipimo ninachokiamini ni kuonja vyote viwili, pombe na kipande chenyewe. Kipande cha nanasi kikishakuwa tayari huwa kimepauka, kimekuwa chepesi mdomoni, utamu umekihama na kilichobaki ni ukali wa pombe na nyuzi tu. Hapo hakina tena cha kutoa isipokuwa uchungu na tope, kwa hiyo kukiacha mwezi mzima zaidi si subira, ni kuharibu.

Kuhusu chungwa, unachohitaji ni ngozi ya nje peke yake. Likunje ganda mbichi karibu na dirisha lenye mwanga na utaona vitone vidogo vikiruka: hayo ndiyo mafuta yenye harufu, na yamo katika vifuko vya ile tabaka ya rangi. Utando mweupe ulio chini yake hauna harufu hiyo bali una uchungu, na pombe huuchota uchungu huo kwa bidii ile ile. Menya kwa kisu chembamba, kisha ukwangue weupe uliobaki. Matunda ya dukani mara nyingi hupakwa nta, hivyo yasugue kwanza kwa maji ya moto na brashi. Mafuta haya huyeyuka vyema katika kileo chenye nguvu kuliko katika maji, ndiyo maana watengenezaji wa limoncello, ile pombe tamu ya Italia ya maganda ya limau, hupenda kuanza na alkoholi ya asilimia 95 na kuipunguza nguvu mwishoni kwa shira. Wakati huo kinywaji hugeuka cheupe kama ukungu wa asubuhi kwa kuwa mafuta hayawezi tena kubaki yameyeyuka. Usikimwage, hakijaharibika.

Plamu nazo zinahitaji tahadhari. Kokwa za plamu, cheri na aprikoti zina kemikali iitwayo amigdalini, ambayo huweza kutoa sumu ya sayanidi, na sayanidi hiyo ikikutana na kilevi kwa muda mrefu, hasa penye mwanga, hutengeneza etili kabamati. Mwaka 2007 wataalamu wa Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani waliiweka kemikali hiyo katika kundi la 2A, yaani yenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani kwa binadamu. Usivunje kokwa kamwe. Mimi ningezitoa mapema na kuloweka nyama peke yake. Ladha ya lozi inayosifiwa sana haistahili hatari hiyo.

Msomaji_Makini amejibu:

Wenzangu wameeleza vizuri, ila kuna sharti ambalo lazima litangulie yote: kileo unachoanzia kiwe kimetengenezwa kihalali kwa ajili ya kunywewa, na chupa yake iwe imefungwa na ina lebo inayotaja nguvu yake. Spiriti ya viwandani au ya kuwashia moto, na pombe ya kukeneka isiyojulikana ilikotoka, inaweza kuwa na methanoli, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi fomiki inayopofusha na kuua. Hakuna tunda, sukari, wala kitambaa cha kuchujia kinachoiondoa methanoli, na matunda yanaweza hata kuficha harufu ambayo ingekuonya. Vilevile usitumie vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'aa usiyoijua, kwa kuwa vingine vina madini ya risasi, yenye sumu, ambayo asidi ya matunda huichota. Kioo cha kawaida kinatosha.

Tunda_Bivu ameuliza tena:

Nawashukuru sana. Kokwa za plamu nitazitoa. Limebaki suala la sukari, na pia kuchuja, kwani nimesoma kwamba nanasi huacha tope lisilokwisha.

Mchujaji amejibu:

Sukari ya mapema ina kazi moja ya kweli, nayo ni kuvuta maji na ladha kutoka katika tunda gumu lisilokatwa, kama plamu nzima. Huko ndiko sukari ya mabonge makubwa inakofaa, kwa kuwa huyeyuka polepole na kuvuta taratibu. Kwa nanasi lililokatwa haina faida hiyo, tena inakunyima uamuzi, maana nanasi moja huwa tamu na jingine kali, na huwezi kujua unahitaji utamu kiasi gani kabla hujaonja kilichotoka. Subiri uchuje, pima mililita 100 katika glasi, tia shira kijiko kimoja kimoja mpaka uridhike, ndipo uzidishe kwa chupa nzima. Shira iwe imepoa kabisa kabla ya kuchanganywa, na usipashe pombe moto jikoni: vodka ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi.

Tope la nanasi mara nyingi linatokana na nyuzi na pektini, ile dutu ya matunda inayogandisha jamu, na linaongezeka mtu anapokamua. Mimina kupitia kitambaa safi na uache kidondoke chenyewe, hata kama roho inakuuma kuona pombe imebaki ndani ya vipande. Kisha acha chupa itulie siku mbili tatu bila kuguswa, umimine taratibu sehemu ya juu iliyo safi, na ile ya chini uipitishe katika karatasi ya kuchujia kahawa. Ikibaki na tope kidogo, ladha haijapungukiwa na kitu.

Ihifadhi mahali pasipo na mwanga, kwa sababu mwanga hupausha rangi. Andika kwenye chupa tarehe, tunda na nguvu uliyoikadiria, kwa kuwa utamu huficha ukali na mgeni wako anaweza kudhani anakunywa juisi. Vipande vilivyochujwa navyo vimejaa kilevi kama pombe yenyewe, kwa hiyo usiviache mezani palipo na watoto.