Krechi (mahali pa kulelea watoto mchana) ya watoto wa wanafunzi hapa Lubumbashi: ilipwe na minervali (ada ya masomo) ya wote?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, swali ni hili: vyuo vyetu viongeze kiasi kidogo kwenye minervali ya kila mwanafunzi ili kufungua krechi, au pesa ya wote isiguswe kwa ajili ya wachache? Mimi naunga mkono, na hesabu ni hii. Watoto wa chini ya mwaka mmoja wanataka mlezi mmoja kwa wanne, si zaidi. Mlezi mwenye wachanga sita daima kuna wawili wanaolia bila mtu. Watoto 16 ni walezi 4, na mtu mmoja wa usafi. Tuseme kila mmoja alipwe dola 120 kwa mwezi, miezi 10: ni dola 6,000. Wazazi wakitoa dola 15 kwa mwezi, zinaingia 2,400. Pengo ni 3,600. Kwenye chuo cha wanafunzi 3,000, kila mmoja anabeba dola 1 na senti 20 kwa mwaka mzima.

Mweka hesabu

Mama, hesabu ya mishahara ni safi, lakini maji, sabuni, makaa na magodoro hayamo. Tena mwaka wa masomo hauishi tarehe iliyoandikwa: ukirefuka miezi 2, kuna dola 1,200 ambazo hakuna aliyezipanga. Kinachonifanya nipinge ni njia ya pesa. Ikishachanganyika na minervali kwenye akaunti moja, italipa kwanza mafuta ya jenereta na karatasi za mitihani. Walezi wasiolipwa wanaondoka, na krechi inafungwa katikati ya sesio (kipindi cha mitihani), wakati inapohitajika kuliko siku zote. Akaunti ya peke yake, sahihi mbili, moja ya wazazi, na hesabu kubandikwa kwenye valvu (ubao wa matangazo) kila mwezi. Bila hayo jibu langu ni hapana.

Asistanti

Mnabishania paa na msingi haujachimbwa. Krechi haimsaidii aliyejifungua wiki ya intero (jaribio la darasani). Sheria ya kazi ya 2002 inampa mfanyakazi mwanamke wiki 14 za uzazi, na anayenyonyesha ana mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Mwanafunzi si mfanyakazi, hiyo haimgusi. Anabaki kutegemea huruma ya mwenye somo (mwalimu anayelifundisha), na huruma haina muhuri. Chuo kingeweza kuiandika kanuni kwa ukurasa mmoja, bila kutoa hata dola.

Kwa sasa anayetaka kujikinga aandike barua kabla ya kujifungua, yenye tarehe inayotazamiwa, pamoja na karatasi ya kliniki. Nakala 3: moja sekretariati ya fakilte (kitivo), moja kwa mwenye somo, ya tatu inabaki kwake, na hiyo ya tatu ndiyo ipigwe muhuri wa mapokezi na tarehe. Wengi wanatoa zote na kubaki mikono mitupu. Barua inalala kwenye droo, juri (baraza la walimu linaloamua matokeo) inakaa, jina lake linasomwa na sifuri, na hapo inabaki rekursi (rufaa) tu, ambayo inadai ushahidi wa maandishi. Muhula una krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 30; somo moja la krediti 5 likianguka linamngoja mwaka ujao.

Mwakilishi wa promosio (wanafunzi wa mwaka mmoja)

Papa Asistanti, wenzake watasema anapendelewa. Akifanya intero siku 10 baadaye, maswali yameshazunguka kwenye simu zote. Na TP (kazi ya vitendo maabarani) ya kemia? Dawa zinatayarishwa mara moja, zikiisha zimeisha.

Asistanti

Maswali yatungwe seti mbili kwa pamoja, ya pili ikae kwenye bahasha iliyofungwa. Mgonjwa naye ataitumia, kwa hiyo hakuna upendeleo. TP isogezwe mbele, isirudishwe nyuma: makundi yanapokezana, basi mwenye mimba aingie na la kwanza. Anayengoja la mwisho ndiye anayekuta chupa tupu.

Muuguzi

Wote mmeruka maziwa. Anayelala Katuba na kusoma Kasapa anavuka mji mzima. Hawezi kurudi kunyonyesha na kuwahi somo la mchana. Titi lisilokamuliwa masaa 5 linajaa, linakuwa gumu, linauma. Hali hiyo ikijirudia kila siku homa inaweza kuingia, na maziwa yanapungua kwa sababu mwili unaona hayatakiwi. Matokeo yake mtoto wa miezi 3 anapewa uji, wakati hadi miezi 6 alitakiwa maziwa ya mama peke yake.

Mashine si lazima. Nawa kwa sabuni, weka dole gumba juu na vidole viwili chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi ya titi. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi, ndipo maumivu yanapoanzia. Dakika 20 hadi 30, kila masaa 3, ndani ya chupa iliyochemshwa yenye kifuniko. Kwenye joto la nyuzi 25 maziwa yanakaa masaa 4. Oktoba yetu inapita 30, basi tumia sanduku la kupozea lenye barafu, linayatunza hadi masaa 24. Friji msiitegemee, umeme wetu mnaujua. Nyumbani chupa iwekwe kwenye maji ya vuguvugu, isichemshwe. Anayobakiza mtoto yamwagwe baada ya masaa 2.

Na wababa wanafunzi wapewe ruhusa ya chanjo. Ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, tarehe zinajulikana tangu siku ya kuzaliwa.

Msimamizi wa krechi

Aksanti, Mama Muuguzi, lakini maziwa yaliyokamuliwa yanataka mtu wa kuyanywesha, na kuna mzazi asiye na mtu nyumbani. Krechi ni ya lazima. Ninachoogopa ni kuhara. Mahali pa kubadilishia nepi na meza ya chupa visikae chumba kimoja, na mtu wa nepi asishike chupa zamu ile. Likipuuzwa hilo, mtoto mmoja anayehara anawaambukiza wengine siku chache tu. Sakafu na vyungu vya watoto vioshwe kwa klorini ya asilimia 0.5: unga wa klorini uitwao HTH, wa asilimia 70, gramu 7 kwa lita moja ya maji, uchanganywe upya kila asubuhi maana wa jana umepoteza nguvu. Mikono ni sabuni, si dawa hiyo. Tuanze na watoto 8, si 16.

Mweka hesabu

Watoto 8, walezi 2, mmoja wa usafi: dola 360 kwa mwezi, wazazi 120, pengo 240. Kwa akaunti ya peke yake, hilo nalikubali kwa mwaka mmoja.

Muuguzi

Chumba cha maziwa kisingoje akaunti. Stoo moja ya viti vilivyovunjika inatosha: kiti chenye mgongo, meza, ndoo ya maji yenye bomba, komeo la ndani. Ufunguo usikae kwa karani anayetoka mapema. Mmoja ukae kwa mlinzi, wa pili kwa mwakilishi wa promosio.