Nimefanya UPDATE bila WHERE, salio za wanachama wote zimekuwa sawa. Naombeni msaada

kaskazi88: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wa haraka mikono inatetemeka. Naangalia mfumo wa SACCOS moja huku kwetu, databesi yake ni MySQL 8.0. Leo saa nne na dk 40 asubuhi kuna mama kaja dirishani salio lake halikuwa sawa, nikaingia kwenye seva moja kwa moja nikaandika UPDATE wanachama SET salio = 85000; nikabonyeza enta sijaweka WHERE, ile sehemu ya kutaja ni mwanachama yupi. Kioo kikaandika Query OK, 4812 rows affected. Mwenye milioni sita na mwenye elfu kumi wote wana 85,000. ROLLBACK (amri ya kutengua) nimejaribu, wapi. Bakapu ipo ya saa nane usiku ila toka saa mbili asubuhi watu walishaanza kuweka hela, nikiirudisha hiyo za asubuhi zinapotea. Kuna mabibi wanaweka buku mbili mbili za ndizi jamani. Nifanyeje?

fundi_wa_ziwani: Pole sana mkuu. Usirudishe bakapu juu ya databesi iliyopo, utafuta na kilichobaki. Zima mfumo makeshia waandike kwa mkono. ROLLBACK imegoma sababu MySQL inakomiti yenyewe, yaani inathibitisha hapo hapo, kila kwari (amri) kama hukuanza na START TRANSACTION. Binlogi je, yale mafaili MySQL inamoandika kila badiliko? Kwenye 8.0 huwa iko on na inatunzwa siku 30, andika SHOW BINARY LOGS.

kaskazi88: Zipo mkuu, ya mwisho binlog.000142

binti_databesi: Basi hela za watu zipo kaka, vuta pumzi. Kopi binlogi zote nje ya hiyo seva kwanza. Halafu chukua mashine nyingine, weka MySQL toleo hilo hilo na jina la databesi hilo hilo, ingiza bakapu ya usiku, kisha soma binlogi kwa mysqlbinlog (programu ya kuzisoma) ukiweka -v na --base64-output=DECODE-ROWS mpaka uione ile UPDATE yako, andika pembeni namba ya posisheni pale transakisheni yake inapoanza. Ukicheza binlogi, yaani kurudia mabadiliko yake kwenye hiyo mashine, toka muda wa bakapu, weka --stop-position na namba hiyo. Miamala ya baada ya hapo usiicheze, maana ilijumlishwa juu ya 85,000 ya uongo, hiyo ingiza upya kwa risiti. Na ukitazama vizuri utaona kila rou (mstari wa mwanachama) imeandikwa salio la zamani na jipya, kwa hiyo una pa kuhakikishia.

fundi_wa_ziwani: Kabla ya yote fungua mwisho wa faili la bakapu, kama hakuna maneno Dump completed ujue lilikatikia njiani. GitLab, kampuni ya kutunza kodi za programu, tarehe 31 Januari 2017 walifuta folda ya databesi kwenye seva isiyo yenyewe, kwenda kwenye bakapu wakakuta pg_dump (programu yao ya bakapu) inafeli kimya kimya sababu ya toleo kutolingana na databesi, kilichowaokoa ni snepshoti (nakala ya diski) ya masaa sita nyuma.

kaskazi88: Wakuu saa sita kasoro usiku huu nimemaliza. Faili lilikuwa zima. Miamala 37 ya baada ya kosa nimeiingiza na keshia, yeye anasoma risiti mimi naandika, salio nimelinganisha na zile za zamani kwenye binlogi zimekubali zote. Mungu awabariki. Limebaki la yule mama, kesho asubuhi nalishika na keshia akiwa pembeni anasoma kabla sijabonyeza.