Naomba ushauri: tetemeko la usiku huu Bukoba ni la ukubwa gani?

Mkazi wa Kashai
Wakuu, habari za usiku. Nipo Bukoba mjini. Tangu lile tetemeko la Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, ardhi haijatulia. Saa nane usiku huu limepita jingine: mabati yanalia, mbwa mtaa mzima wanabweka, tumetoka mbio bila hata viatu. Jirani kaona WhatsApp kwamba ni 6.8. Mwenye uhakika anisaidie, ni ngapi na linapimwaje? Nikiipata namba nitajua kama nyumba inalalika. Haraka jamani, roho haijatulia.

Mama Kemi
Pole mwanangu. Mimi na wajukuu tunalala kibanjani chini ya migomba tangu Jumamosi. Ukuta wa jikoni ulilala wote, sufuria ya maharage ikafukiwa. Watu tumemsahau Mungu, turudi kwake.

Mtani wa Jadi
Nshomile bwana, wasomi wa Kihaya! Tetemeko limepita anauliza lina GPA ngapi 😂

Ticha Fizikia
Mtani, watu wamezikwa wiki hii. Heshimu.
Mleta mada, mtetemo una mawimbi ya aina mbili. Ya kwanza yana mwendo wa kasi, ya pili yanafuata nyuma na ndiyo yanayotikisa zaidi. Mtambo ukipima muda uliopita kati ya yale ya kwanza na ya pili, unapata umbali. Vituo vitatu vikipata umbali wake, kitovu kinajulikana. Ukubwa ni hesabu nyingine. Mwaka 1935 huko California, Charles Richter aliweka kwamba mtambo wake ukichora wimbi la milimita 1 kutoka umbali wa kilomita 100, hilo ni tetemeko la ukubwa wa 3. Kila namba moja ikiongezeka, wimbi linakua mara 10 na nishati karibu mara 32. Siku hizi kwa matetemeko makubwa wanatumia ukubwa wa momenti: eneo la mwamba uliokatika, urefu ulioteleza, na ugumu wa mwamba wenyewe. Ndiyo maana la Jumamosi wengine waliandika 5.7, wengine 5.9. Data zikiongezeka, hesabu inarekebishwa.

Fundi Mwashi
Ticha umeshusha nondo, ila mimi nina swali moja. Mkuu, nyumba ina ufa?

Mkazi wa Kashai
Upo mdogo wa kawaida. Nyumba gani Bukoba haina ufa sasa hivi? Nauliza namba.

Mwana Bukavu
Sisi watu wa Bukavu, huku Kongo, tunajua haya mambo. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, lilipiga 5.9, sawasawa na lile lenu la Jumamosi. Tukadhani yameisha. Saa chache mbele likapiga jingine, dogo kuliko la kwanza. Shangazi alikuwa amerudi ndani kuchukua nguo za watoto. Alitoka mzima, ila mpaka leo halali chumba chenye mlango uliofungwa.

Fundi Mwashi
Mdogo kiasi gani? Unaanzia wapi unaishia wapi? Na nani analala ndani?

Mkazi wa Kashai
Unatoka kona ya dirisha, unashuka kimshazari mpaka kwenye msingi. Vidole vinaingia. Upo tangu Jumamosi. Vyumba vya uani vina wapangaji.
Kabla hamjanihukumu: kodi ya miezi sita nilishapokea na imeenda kwenye ada. Nikiwatoa watadai chao, nitatoa wapi? Fundi wangu kasema kesho anapiga plasta, inakuwa kama mpya. Ndiyo maana naulizia namba. Ikiwa ndogo, wakae.

Mama Kemi
Ee Mungu. Watoto wa watu!

Nyuki wa Muleba
Hii chai, uongo mtupu. 6.8 baada ya 5.9? Mtetemo unaofuata ukizidi wa kwanza, huo ndio unakuwa tetemeko kuu. Na 6.8 ndiyo la Ziwa Tanganyika la Desemba 2005, lilisikika mpaka Nairobi. Mimi nipo Muleba, sijasikia hata kikombe kugonga. Mleta mada anatisha watu ili viwanja vishuke bei. Mods ondoeni uzi.

Mtani wa Jadi
Kweli, uzi bila picha huu.

Dada Hamugembe
Chai gani? Limepita, kabati langu la vyombo limeanguka. Njoo uone vipande.

Ticha Fizikia
Nyuki, kwenye 6.8 upo sahihi, hiyo ya WhatsApp haiaminiki: ingekuwa na nishati zaidi ya mara 20 ya la Jumamosi. Kwa kawaida kubwa kati ya yanayofuata hupungua kama 1.2 kutoka lile kuu, kwa hiyo 4.7 hivi ni ya kutarajia. Nalo la namna hiyo laweza kuwatoa watu wa Kashai vitandani, wa Muleba wakaendelea kukoroma. Yanapungua siku hadi siku, ila kubwa laweza kuja hata wiki zikiwa zimepita. Nepal mwaka 2015 walipigwa 7.8 Aprili 25, Mei 12 likaja 7.3.

Mkazi wa Kashai
Picha hizo hapo. Chai iko wapi? Kwa hiyo kama ni 4.7, si ndogo?

Fundi Mwashi
Mkuu, namba inapima tetemeko, haipimi ukuta wako. Nimekuza picha. Tofali za udongo, juu hakuna linta (mkanda wa zege), na kona imeshaachana na ukuta wa pembeni. Ukuta huo hausubiri 4.7. Plasta itaficha ufa tu, haishiki kitu. Watoe sasa hivi, hata kwa turubai.

Mkazi wa Kashai
Na nikiwahamishia sebuleni kwangu? Upande ule hauna ufa.

Fundi Mwashi
Paa ni moja. Hapana.

Mkazi wa Kashai
Nimewagongea, wametoka. Mmoja ameshaulizia kodi, nimemwambia tuongee kukikucha. Wa kukagua nyumba nampata kwa mtendaji wa mtaa au niende halmashauri?

Fundi Mwashi
Anza kwa mtendaji asubuhi. Na plasta usiguse mpaka mkaguzi auone huo ufa.