Naombeni ushauri: Kyoto na mama, tuanzie wapi?

Habari zenu wakuu, naenda Japani na mama mwezi wa nne na tutalala Kyoto siku chache tu, sasa nimechanganyikiwa maana mji ulikuwa makao ya wafalme tangu 794 mpaka karne ya 19 na mahekalu yamejaa kila kona. Mama magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi, ila anapenda sana kazi za mbao, baba yake alikuwa fundi seremala.

Mimi roho yangu iko kwenye hekalu la Kiyomizu-dera, lile jukwaa la mbao la 1633 lina urefu wa kama mita 13 kwenda chini, nguzo zimeshikana kwa viungo bila misumari, lakini naona njia yake ni mlima na ngazi. Waliofika, kuna upande wa kupita mtu asiyepanda vizuri? Au nimpeleke hekalu la Sanjusangen-do, sanamu 1,001 za Kannon (mtakatifu wa huruma wa Wabuddha) zimepangwa ndani ya jumba moja refu la mita kama 120, pale nadhani ni tambarare.

Ngome ya Nijo siiachi, ile sakafu inayolia kama ndege ukikanyaga lazima aisikie kwa masikio yake, ila viatu mnavua mlangoni, je kuna pa kukaa?

Hekalu la dhahabu la Kinkaku-ji lilichomwa moto 1950 likajengwa upya 1955, kwa hiyo kwangu si la kwanza, nikosoeni kama nawaza vibaya. Na basi au teksi, ipi haitamchosha?