Jina la Kasparov kwenye mashine ya sataranji: alishiriki kuitengeneza, au aliuza jina tu?

Askari wa Mbele

Wanasataranji wenzangu, salaam. Jumamosi iliyopita, katika soko la vitu vilivyotumika hapa Hamburg ninakoishi, nilinunua kwa euro 12 mashine ya sataranji iitwayo Kasparov GK 2000, iliyotolewa na kampuni ya Saitek. Mchezaji hubonyeza kete juu ya mraba inakotoka, kisha juu ya mraba inakokwenda, na mashine hujibu kwa kuwasha taa ndogo kandokando ya ubao. Kete zote zipo isipokuwa farasi mmoja mweusi, ambaye nafasi yake kwa sasa inashikwa na kifuniko cha chupa.

Mwanangu wa miaka 11 alipoliona jina aliniuliza kama ni huyo Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia wa sataranji, aliyeitengeneza, nami sikuwa na jibu la kumpa. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze mambo mawili. Kwanza, magwiji hawa waliohusishwa na mashine walifanya kazi gani hasa, zaidi ya kutia saini mkataba? Pili, hiyo 2000 ni kipimo cha uwezo wake? Ninauliza kwa sababu muuzaji yuleyule ana mashine nyingine yenye jina la Karpov, bingwa wa dunia aliyemtangulia Kasparov, na tarakimu 2294, na anadai kwamba kwa kuwa tarakimu ni kubwa, bei nayo lazima iwe kubwa.

Mzee wa Ngome

Ndugu Askari wa Mbele, mwambie kijana kwamba hakuitengeneza. Programu iliyomo ndani ya GK 2000 iliandikwa na Mholanzi Frans Morsch, na zile za kabla yake zenye jina hilohilo, kama vile Kasparov Stratos na Turbo King za miaka ya 1980, zilitokana na kazi ya Julio Kaplan, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 1967 akiichezea Puerto Rico. Kwa hiyo ndani ya sanduku kulikuwa na mchezaji hodari kwelikweli, lakini siye yule aliyeandikwa juu ya sanduku.

Ili kuelewa kwa nini jina lilihitajika, turudi nyuma kidogo. Mashine ya kwanza ya nyumbani iliyouzwa kwa wingi, Chess Challenger ya kampuni ya Fidelity ya Marekani, ilitoka mwaka 1977 bila kupitiwa na gwiji yeyote, na ilionekana wazi: safu za wima zilipewa tarakimu na mistari ya kulala ikapewa herufi, kinyume cha utaratibu unaotumiwa na wachezaji wote. Mchezaji yeyote wa klabu angeliona kosa hilo kabla hajamaliza kupanga kete. Miaka michache baadaye hali ilikuwa tofauti, kwa sababu Fidelity, Novag, SciSys (ambayo ndiyo iliyokuja kuitwa Saitek) na Hegener + Glaser wa Munich, watengenezaji wa Mephisto, walikuwa wote wanauza mashine zinazocheza vizuri kuliko wengi wa wanunuzi wao. Mzazi aliyesimama dukani hakuwa na njia ya kupima ipi inamzidi mwenzake, kwa kuwa zote zingemfunga kwa urahisi uleule. Hapo ndipo lilipohitajika neno la kumtuliza mnunuzi.

Kampuni hizo hazikuchagua njia moja. Saitek waliuza kwa jina la mtu. Mephisto waliuza kwa majina ya miji: programu za Mwingereza Richard Lang zilishinda mashindano ya dunia ya kompyuta ndogo mwaka baada ya mwaka, na kila ushindi ukazaa mashine yenye jina la mji ulikopatikana, yaani Amsterdam ya 1985, Dallas ya 1986, Roma ya 1987, Almeria ya 1988, Portorose ya 1989 na Lyon ya 1990. Mimi ningekuwa mnunuzi wa wakati ule ningeamini mji kabla ya mtu, kwa kuwa mji ulikuwa kumbukumbu ya michezo iliyochezwa na mashine yenyewe. Hata hivyo mwaka 1994 Saitek iliinunua Hegener + Glaser, na majina yote mawili yakawa chini ya paa moja.

Jambo moja humfurahisha kila ninayemsimulia. Huyo Morsch, aliyeandika programu ya sanduku lako, ndiye pia mwandishi mkuu wa Fritz, programu ya sataranji ya kompyuta, na mwezi Mei 1994, katika mashindano ya mchezo wa haraka mjini Munich, Fritz 3 ilimshinda Kasparov mwenyewe mchezo mmoja na kulingana naye kwa alama kileleni, kabla ya Kasparov kuishinda katika michezo ya ziada ya kuamua mshindi. Mwanao anaweza kuwaambia wenzake kwamba mashine yake ya euro 12 ni ndugu wa mbali wa ile iliyomtoa jasho bingwa wa dunia.

Mwana wa Sare

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwangu mimi habari ya Mzee wa Ngome inathibitisha methali hiyo: gwiji alilipwa kwa ajili ya jina lake, Mholanzi akafanya kazi, na mnunuzi akaachiwa gharama ya yote mawili. Linganisha na Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia aliyekuwa mhandisi wa umeme kwa taaluma, ambaye alitumia miaka mingi ya uzeeni akijaribu kuunda programu ya Pioneer inayofikiri kama gwiji. Au Hans Berliner, bingwa wa dunia wa sataranji ya kwa barua, ambaye timu yake katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliunda HiTech. Hao ndio waliostahili majina yao yaandikwe kwenye mashine.

Bi. Mraba Mweupe

Mwana wa Sare, methali ni nzuri lakini hapa haikai sawa, kwa sababu mashine ya sataranji haiwezi kujiuza. Embe unaweza kulibonyeza na kulinusa, ila programu iliyofungiwa ndani ya plastiki utaijua baada ya miezi ya kucheza nayo. Tena mfano wako wa Botvinnik unakupinga, kwani Pioneer haikuwahi kuwa mchezaji kamili wa kuuzwa dukani, ilhali Kaplan na Morsch, ambao hawakuwa mabingwa wa dunia, walitoa mashine zinazocheza hadi leo. Kujua kucheza ni kazi moja, na kuifundisha chipu yenye kumbukumbu ndogo icheze ni kazi nyingine.

Sikubali pia kwamba Kasparov hakutoa chochote ila jina. Ndugu Askari wa Mbele, kwa kuwa unaishi Hamburg, kisa hiki kilitokea mjini kwako. Tarehe 6 Juni 1985, miezi michache kabla hajamnyang'anya Karpov ubingwa wa dunia, Kasparov alicheza hapo dhidi ya mashine 32 kwa wakati mmoja, nane kutoka kila moja ya kampuni nne ambazo Mzee wa Ngome amezitaja. Aliuzunguka mstari wa meza kwa zaidi ya saa tano na kushinda michezo yote 32. Lakini alivyosimulia mwenyewe baadaye, kuna wakati aligundua kwamba katika mchezo mmoja anaelekea pabaya, na mashine iliyokuwa inambana ilikuwa mojawapo ya zile zenye jina lake.

Hebu tuitafakari hali hiyo. Akishindwa au hata akitoka sare, watu watasema amejilegeza makusudi ili kuitangaza kampuni inayomlipa. Akishinda, atakuwa ameionyesha hadhara kwamba bidhaa yake haimwezi. Kati ya michezo 32, huo ndio pekee ambao kila matokeo yake yalikuwa na gharama kwake. Alikaza nia, akatafuta mtego, akaitolea mashine kete ya bure ambayo ilipaswa kuikataa, nayo ikaipokea na kupoteza mchezo. Ukinipa tangazo la wino mzito lenye picha ya gwiji na kisa hiki, nitakwambia kisa hiki kinaeleza zaidi uwezo wa mashine za mwaka ule: zilikuwa na nguvu ya kumbana bingwa anayegawa akili yake mara 32, na upofu wa kutoona sadaka inakoelekea.

Kuna na upande mwingine wa mikataba hii unaosahaulika. Kampuni ya Atari nayo iliwahi kumtumia katika matangazo yake, na sehemu ya malipo aliichukua kwa kompyuta, zikapelekwa katika klabu ya vijana mjini Moscow, wakati ambapo kompyuta ya nyumbani katika Umoja wa Kisovieti ilikuwa kitu cha kusikia tu. Sitaki kumfanya mtakatifu, maana alikuwa mfanyabiashara mwerevu, lakini kusema aliuza jina tu ni kumpunja.

Mhesabu Hatua

Ninaongeza kuhusu tarakimu pekee, maana swali hilo limeachwa. Herufi GK ni kifupi cha Garry Kasparov, na 2000 iliwekwa ili msomaji akumbuke alama za Elo ambazo wachezaji hupimwa nazo. Isichukuliwe kama cheti. Makadirio ya watengenezaji yalikuwa na tabia ya kupanda juu kuliko matokeo ya majaribio huru, kwa mfano yale ya Wasweden wa SSDF, ambao kwa miaka mingi wamezipambanisha mashine zenyewe kwa zenyewe na kutoa orodha. Penye upimaji rasmi tofauti ilionekana: Mach III ya Fidelity ilipimwa na Shirikisho la Sataranji la Marekani, ikapewa 2265 na kutangazwa kuwa na daraja la umahiri, ambalo nchini humo huanzia 2200. Ulikuwa upimaji wa kweli, ingawa wengi waliona kwamba mizani ya Wamarekani ilikuwa na huruma.

Mashine ya Karpov unayoizungumzia ilitengenezwa na kampuni ya Excalibur ya Miami. Karpov mwenyewe alifikia alama 2780 mwaka 1994, kwa hiyo 2294 si yake kwa namna yoyote, na bei haiwezi kupimwa kwa kutoa 2000 kutoka 2294. Jambo la kuuliza sokoni ni jina la mwandishi wa programu, kisha unafungua kifuniko cha betri na kutazama kama kuna unga wa kijani kwenye vyuma. Betri iliyovuja imeua mashine nyingi.

Nitaje pia kwamba mashine mbili zenye majina na sura tofauti zinaweza kuwa na akili ileile. GK 2100 na Centurion, kwa mfano, zilibeba programu moja ya Morsch. Kuna watu wamenunua zote mbili ili kuzipambanisha, wakashangaa mbona zinaelewana mno.

Askari wa Mbele

Ninawashukuru sana nyote. Kisa cha Hamburg kilimgusa kijana kiasi kwamba alitaka tuitege mashine yetu vilevile. Mimi si gwiji wa kutoa sadaka, kwa hiyo nilitumia mtego wa kizamani wa klabu: nilimwacha askari wa pembeni kabisa bila ulinzi, mahali ambapo askofu akiingia kumla, askari wa jirani akisogea hatua moja tu humfungia njia ya kutoka. Katika kiwango cha kufikiri kwa sekunde chache, mashine ilimla mara moja. Askofu alikaa kifungoni humo hadi mfalme wangu alipotembea taratibu kwenda kumchukua. Tulipanga hali ileile tena, tukaipa muda wa dakika tatu kwa kila hatua, na safari hii haikumgusa askari. Ilisogeza ngome katikati na kuniacha nikiutazama mtego wangu.

Mashine ya Karpov niliifungua kifuniko cha betri mbele ya muuzaji. Vyuma vilikuwa vimeliwa kabisa, nikaiacha. Sasa kilichobaki ni ombi: kama yupo mwenye farasi mweusi wa ziada, asizidi sentimita 4 kwa urefu, tafadhali anijulishe, kwa sababu kifuniko cha chupa huteleza kila ninapokibonyeza, na mashine hudhani nimemsogeza askari wa jirani.