Vipele vya usaha unyayoni, dawa za fangasi zimegoma. Ni nini hiki?

Mama Mkaa: Habari zenu wakuu. Mguu wa kushoto, pale unyayo unapopinda, natokwa na vipele vidogo vya usaha wa njano. Vikikauka vinabaki madoa ya kahawia, ngozi inabanduka, vingine vinachipuka pembeni. Vinawasha na kuchoma, kukanyaga shida. Nimemeza dawa za fangasi na antibaiotiki, wapi! Duka la dawa wakanipa krimu, ikatuliza, nilipoacha vikarudi kwa kishindo. Kila ninayemwonyesha anatazama tu, hakuna aliyepima. Kisukari sina. Jirani anasema nimekanyaga kitu njia panda.

Pwani Tulivu: Pole sana dada. Ya njia panda mwachie jirani. Viganja vikoje? Unavuta sigara?

Mama Mkaa: Kiganja cha kulia vipo viwili vitatu, nilidhani nimeungua jikoni. Sigara ndiyo, tangu ujana. Inahusiana vipi?

Afisa Ngozi: Inahusiana sana. Kuna ugonjwa unaitwa pastulosisi ya viganja na nyayo, yaani vipele vya usaha. Usaha wake hauna bakteria, ni kinga ya mwili inayochokoza ngozi, ndiyo maana antibaiotiki hazifui dafu. Huwapata zaidi wanawake wa makamo, na wengi wao ni wavutaji au waliwahi kuvuta. Hauambukizi. Ila mguu wako sijauona, na fangasi ikipakwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, hubadilika sura hata mtaalamu akapotea. Omba wakwangue magamba, wayaloweshe kwa kemikali ya potasiamu haidroksaidi, waangalie kama kuna fangasi kwa hadubini. Usaha nao uoteshwe maabara. Kaswende pia ipimwe, usichukie, nayo hutokea nyayoni na viganjani. Jibu lisipopatikana hapo, wakate kipande kidogo cha ngozi kwa ganzi. Hiyo krimu imeandikwa nini?

Kiatu Kimoja: Yangu ilithibitishwa kuwa hiyo pastulosisi. Inakuja na kuondoka, nimeizoea. Dada, pale mtulinga unapokutana na kidari hapaumi? Mimi palivimba, nikasingizia kubeba ndoo, kumbe ni ugonjwa huohuo umeingia mifupani. Kama panauma mwambie daktari, usingoje aulize.

Pwani Tulivu: Uko wapi? Kaskazini kuna RDTC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, pale hospitali ya KCMC Moshi, wanafundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992.

Mama Mkaa: Niko Babati, Moshi nafika kwa basi. Kidari hakiumi. Krimu imeandikwa betamethasoni, jentamaisini na klotrimazoli, zote humo humo.

Afisa Ngozi: Basi hiyo ya kwanza ndiyo steroidi. Usiipake tena mpaka wakukwangue, na bomba lake nenda nalo.